Boti Iliyorefuka Mkono Mmoja

Bweni la Wasichana,
Shule ya Ufundi,
Iringa.
14 Agosti 2024

Mjomba Dadi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi. Huku asubuhi tunaoga maji ambayo yamelala nje kwenye ndoo, na anayetoka bafuni bila kupiga kelele tunamheshimu. Dagaa mlionifungia wamekwisha. Matroni alisema bweni linanuka mwalo wa samaki, nami nikamshukuru, kwa sababu ndivyo nilivyotaka linuke. Msalimie mama, waambie majirani sijakonda.

Nakuandikia kwa sababu simu hapa ni marufuku, ila dakika tatu za matroni kila mwisho wa mwezi. Na jambo lenyewe halitoshi dakika tatu.

Uliniuliza siku ya kuondoka Sayansi ya Uhandisi ni somo gani. Sasa naweza kukujibu. Ni somo la kujua kwa nini vitu havianguki. Vikianguka pia ni somo letu. Tuko arobaini darasani, wasichana wanne. Katika mtihani wa kwanza nimepata alama 28 kwa mia. Tafadhali mama asijue.

Mwalimu wetu anaitwa Thobias. Si mkali, anaongea polepole kama mtu anayesoma mita ya umeme. Aliniita akasema kuna kazi mradi: kila mwanafunzi achague kitu kilichotengenezwa kwa mikono kwao, akipime, akichore, na athibitishe kwa hesabu kwamba kitabeba mzigo wake. Ripoti ni tarehe 15 Novemba. Nikipata hamsini, nabaki kwenye somo. Nisipopata, nahamishiwa kombi nyingine ya masomo. Darasa lenyewe ameshanionyesha. Liko karibu na choo.

Mimi nimechagua boti unayomjengea Mama Skolastika, ile ambayo mama atakuwa anapanda naye kwenda kununua dagaa vijiji vya kusini. Nataka urefu wa mti wa chini, upana, na kimo. Najua hutumii futi, usihangaike. Siku ile mlangoni nilikupima kwa utepe wa kushonea ukiwa umenyoosha mikono yote miwili, ukaniuliza kama nakupimia sanda. Sikuwa nakupimia sanda. Pima yako, ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kile, ni sentimita 178. Mkono wako, kiwiko mpaka ncha ya kidole, ni 48. Wewe niandikie kwa lugha yako, mimi nitageuza.

Kuna sharti moja: kila kipimo kichukuliwe mara mbili, siku tofauti, ili vilinganishwe.

Mpwa wako,
Zuleha

*

Ujiji,
28 Agosti 2024

Kwa mpwa wangu Zuleha,

Marahaba. Barua yako imefika kwa mkono wa kondakta wa basi, ambaye ameinywea chai, maana kuna duara la kikombe juu yake. Sisi wazima. Mama yako mzima, anauliza kama unavaa sweta. Ziwa limezidi kupanda. Karakana pale Kibirizi tumeisogeza mara ya tatu mwaka huu, na kila tukisogea linatufuata kama mtu anayetudai maelezo. Mbuzi wetu amekula suruali ya Oswald, ile ya kazi. Oswald, kwa ufundi wake wote wa miaka ishirini chini yangu, anafanya kazi kwa kaptura na kila asubuhi ananiamkia mwakeye kwa Kiha chake kwa huzuni kubwa.

Ishirini na nane si alama ya kulia. Mimi nilipata chini ya hapo darasa la saba na boti zangu zote ziko juu ya maji. Lakini kuhusu darasa la karibu na choo, hapana. Sikukurudisha shule kwa ajili hiyo.

Haya, vipimo. Mti wa chini ni pima sita kamili. Nimeupima mwenyewe, mvule mmoja usio na kiungo. Upana bado, mbavu hazijasimama. Zikisimama nitakuandikia. Lakini mwambie mwalimu wako upana haupimwi na mtu yeyote tu. Fundi anasimama katikati ya boti, miguu juu ya mti wa chini, ananyoosha mikono. Mkono wa kushoto unasema upande wa kushoto uishie wapi, wa kulia unasema upande wa kulia. Wengine wote wananyamaza. Ndivyo alivyofanya babu yako Abdul, na mimi nilisimama pale pembeni yake miaka kumi na moja kabla ya kuachiwa katikati. Kwa hiyo kila boti yangu ina mwili wangu. Ukiona boti nyembamba ziwani, ujue fundi wake mfupi.

Kupima mara mbili ni kazi ya mtu asiyejiamini. Lakini kwa kuwa ni wewe, nitapima tena.

Mjomba wako,
Dadi

*

Iringa,
10 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimesoma barua yako kwa wenzangu. Navaa sweta, mwambie mama. Navaa mbili. Pole kwa Oswald.

Leo nilisimama mbele ya darasa kueleza kazi yangu. Nikasema mti wa chini una pima sita. Wakacheka. Mwalimu Thobias hakucheka, akauliza, "Pima ya nani?" Nikasema ya mjomba. Akageuka ubaoni akaandika: MJOMBA = SM 178. Halafu akazidisha kwa sita akapata mita 10.68, akanitazama akasema, "Endelea." Kwa hiyo sasa wewe ni kizio, Mjomba, kama mita na kilo. Alphonce, ninayekaa naye dawati moja, anapima kila kitu kwa mjomba. Anasema bwalo lina wajomba kumi na mmoja.

Nimeanza kuchora. Ninachosubiri ni upana, na kipimo cha pili cha mti wa chini. Usisahau hicho cha pili. Mwalimu anasema kipimo kimoja ni uvumi.

Wako,
Zuleha

*

Ujiji,
26 Septemba 2024

Zuleha,

Marahaba. Sisi wazima kabisa. Usishangae mwandiko. Kalamu za siku hizi zina wino wa kulialia, na meza ninayoandikia imeegemea.

Mama yako mzima. Ziwa bado. Michikichi imezaa vizuri mwaka huu na mawese yameshuka bei, ila sina hamu ya kuzungumzia michikichi.

Nimepima mti wa chini mara ya pili kama ulivyoagiza. Imetoka pima sita na mkono mmoja. Ndivyo ilivyotoka, na mimi sijawahi kudanganya kipimo tangu nizaliwe, kwa hiyo ndivyo ninavyokuandikia. Usiniulize.

Mbavu zimesimama. Pale penye upana zaidi ni nusu pima kushoto na nusu pima kulia, nimesimama katikati mwenyewe. Kimo ni mikono miwili. Mbao za ubavuni Oswald ameanza kuzipigilia.

Barua yako ilikuwa na kurasa mbili lakini mbuzi amekula ya pili. Kama kulikuwa na maswali, yamekwenda naye.

Dadi

*

Iringa,
6 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimeandika neno hilo nikalitazama sana, kwa sababu safari hii nalisema kwa kumaanisha.

Barua yangu ilikuwa na ukurasa mmoja.

Nimepokea vipimo. Nimevikagua siku nne. Agosti mti wa chini ulikuwa pima sita. Septemba ni pima sita na mkono mmoja. Ni mti uleule, mvule mmoja usio na kiungo. Mjomba, boti imerefuka mkono mmoja ikiwa nchi kavu.

Mwalimu Thobias ameona. Amezungushia duara jekundu na kuandika "Haiwezekani." Amesema ripoti yenye vipimo visivyopatana haifiki hamsini. Alphonce amenishauri niandike sita na sita, nani atajua, boti iko Kigoma. Ushauri huo nilikaa nao siku tatu. Sisemi uongo, ulikuwa mtamu. Kisha nikakumbuka ulichoandika, kwamba hujawahi kudanganya kipimo. Kwa hiyo na mimi siwezi, na sasa sijui nifanye nini.

Jambo la pili. Mwisho wa mwezi nilipewa zile dakika tatu. Mama alipokea, na kabla sijamwuliza kitu alisema, "Mjomba wako mzima kabisa." Sikuwa nimemwuliza. Halafu akasema tena, "Hana lolote." Dakika zikaisha.

Jambo la tatu ni mwandiko. Meza ikiegemea, mistari yote inaegemea. Yako haikuegemea. Herufi moja moja ndizo zilizolala, zote kushoto, na "g" zimekosa mikia. Mtu ambaye amenifundisha kuandika jina langu kwa mkaa kwenye ubao wa boti haanzi kukosa mikia kwa sababu ya wino.

Naogopa. Nakuuliza wazi: una nini?

Zuleha

*

Ujiji,
18 Oktoba 2024

Zuleha,

Marahaba. Tumepokea barua. Mama yako anasema hongera kwa sweta mbili.

Kuhusu boti kurefuka, hilo jambo dogo. Mbao hufura. Ziwa limekuja karibu mno mwaka huu, unyevu umepanda kwenye mvule, mvule umefura. Mwandikie mwalimu hivyo. Kama hajakaa karibu na ziwa hawezi kujua.

Mama Skolastika alikuja juzi kutazama boti yake. Aliizunguka mara mbili, akasimama nyuma, akafumba jicho moja, halafu akafumba lingine. Akasema atakwenda kupima macho. Nikamwambia ni jambo la busara, umri unakwenda.

Yale maswali yako ya mwisho sikuyaona vizuri. Yule mbuzi.

Soma. Hicho ndicho ninachotaka kutoka kwako. Mambo ya huku yana wenyewe.

Dadi

*

Iringa,
27 Oktoba 2024

Mjomba Dadi,

Shikamoo.

Mbuzi aliuzwa Agosti. Jana matroni alinionea huruma akanipa dakika zake mbili, nikamwuliza mama kuhusu mbuzi tu. Alisema aliuzwa mara baada ya ile suruali. Kwa hiyo mbuzi hana hatia.

Kuhusu mbao kufura, nilimpelekea Mwalimu Thobias jibu lako kama lilivyo. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Julai. Mbao hufura kwa upana, Mjomba, kwa unene pia. Kwa urefu hazifuri kiasi cha mtu kuona kwa macho. Nawe unalijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana unaacha nafasi ya pamba ya kuzibia kati ya ubao na ubao, na huachi nafasi kwenye ncha.

Basi kama mti haukurefuka, kilichobadilika ni kizio. Nimefanya hesabu hii bwaloni nyuma ya karatasi ya ratiba. Mti ni sentimita 1068. Toa mkono mmoja, 48, zinabaki 1020. Gawa kwa sita. Ni 170. Pima yako Agosti ilikuwa 178. Pima yako Septemba ni 170. Mjomba, umepungua sentimita nane.

Mtu hapungui sentimita nane kwa uzee ndani ya mwezi mmoja. Kuna mkono usionyooka, na kwa mwandiko huu ni wa kulia.

Nililia, nakuambia wazi. Nilikwenda nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambako kila mtu ana macho mekundu na hakuna anayeuliza.

Halafu nikaendelea na hesabu, kwa sababu haikuishia hapo. Ulisimama katikati ya boti ukanyoosha mikono. Kushoto kulitoka sentimita 89. Kulia kulitoka 81. Upande wa kulia ni mwembamba, hautabeba sawa na mwenzake. Nimepiga hesabu mara tano nikitafuta kosa langu, nikitamani liwe langu. Boti hiyo ikipakiwa magunia katikati italalia kulia. Mawimbi ya kusini yakija upande huo, maji yataingia. Na mama atakuwa ndani. Mama Skolastika hana haja ya kupima macho.

Nimekutumia kamba, imo ndani ya bahasha hii ya kaki. Ni ya katani, nimeilowesha na kuitundikia tofali siku mbili ili imalize kurefuka kwake huku huku. Ina fundo kila ncha na fundo jekundu katikati. Kutoka fundo hadi fundo ni sentimita 178. Kamba hiyo ni wewe wa Agosti. Weka fundo jekundu juu ya mti wa chini, Oswald avute ncha moja, wewe nyingine kwa mkono ulio mzima. Huhitaji kunyoosha kitu.

Sasa nakuomba ruhusa. Ripoti yangu inaweza kupona kwa njia moja tu: nieleze kwa nini vipimo viwili havipatani. Lakini nikieleza, nitakuwa nimeandika kwamba fundi Dadi wa Ujiji mkono wake haunyooki, na boti yake imekwenda upande. Watasoma wengine. Sitaandika mpaka uniruhusu. Usiponiruhusu, nitapeleka mchoro mtupu na nitahamia darasa lile, sitakulaumu. Siku ya mwisho ni tarehe 15.

Mpwa wako anayekupenda,
Zuleha

*

Ujiji,
5 Novemba 2024

Zuleha,

Andika.

Nilianguka tarehe 4 Septemba kutoka kwenye mchikichi. Oswald alikuwa anachelewa kuukwea na mimi nikaona niwahi. Sikuwa juu sana. Nilikuwa juu. Bega la kulia liliteguka, likarudishwa, lakini halikurudi lote. Mkono unafika usawa wa kifua halafu unakataa.

Sikukwambia, na mama yako nilimkataza, kwa sababu baba yako alipougua uliacha shule ukarudi kumwuguza, na baada ya kumzika ulikaa mwaka mzima unakausha dagaa. Nilikuja kukutoa pale juu ya chanja. Nikisema nimeteguka bega ungekuwa kwenye basi kesho yake. Nakujua.

Kamba imefika. Oswald alivuta upande mmoja, mimi upande mwingine. Kushoto fundo liligusa ubavu. Kulia lilipita ubavu likaning'inia nje, vidole vinne na ushee. Tulilitazama wote wawili. Oswald akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, mie nilijua, ila nikaogopa." Nikamwambia na mimi nilijua, ila nikaona haya.

Ndiyo, nilijua. Siku ile nilipopima pima sita na mkono mmoja, nilijua. Nikakuandikia kilichotoka kwa sababu sikuweza kuandika kingine, na nadhani kuna sehemu yangu iliyotaka mtu auone mkono huu bila mimi kuutaja.

Tunabomoa upande wa kulia. Barua hii inaondoka na basi la leo na nimemwapisha kondakta asinywee chai.

Dadi

*

Iringa,
20 Novemba 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole sana, sana. Pole ya bega, na pole ya kukaa nalo peke yako miezi miwili. Ningekuwa kwenye basi kesho yake, ni kweli. Bado nina hasira kidogo, lakini nitakuja nayo nyumbani nikuonyeshe.

Barua yako ilifika tarehe 13, chafu kwa vumbi, kavu kabisa. Niliandika siku mbili mfululizo. Nakunakilia sehemu ya tano ya ripoti yangu ili usije ukaisikia kwa watu wengine.

"Sehemu ya Tano: Hitilafu ya Chombo cha Kupimia. Vipimo vyote vilichukuliwa kwa chombo kimoja kiitwacho Mjomba, chenye umri wa miaka 61. Chombo hiki kimefanya kazi miaka thelathini bila kukaguliwa. Mnamo tarehe 4 Septemba kilianguka kutoka kwenye mchikichi na kupungua sentimita 8, yaani hitilafu ya asilimia nne na nusu, yote ikiwa upande wa kulia. Chombo chenyewe kiliripoti kipimo kisichowezekana badala ya kukificha, na ni kwa sababu hiyo pekee hitilafu iligunduliwa. Boti inarekebishwa kabla ya kuingia majini."

Nilisoma mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka, hata Alphonce. Mwalimu Thobias aliipitia tena sehemu hiyo kwa kalamu, polepole hata kwa desturi yake. Halafu akaniandikia alama 74. Chini yake kwa wino mwekundu ameandika: "Wengi hupima. Wachache hukagua wanachopimia. Chombo kipelekwe hospitali."

Nimebaki, Mjomba. Nimebaki kwenye somo. Sasa unaweza kumwambia mama kuhusu zile 28.

Tafadhali fanya alivyosema mwalimu. Na uniambie, boti imekaaje majini? Siku hizi wanafunzi wote wanapimana pima. Yangu ni sentimita 161. Alphonce anasema mimi si mjomba kamili.

Shule inafungwa tarehe 6 Desemba.

Zuleha

*

Ujiji,
29 Novemba 2024

Kwa mpwa wangu Zuleha,

Marahaba, marahaba tena. Mama yako ameambiwa kuhusu 28 na kuhusu 74 kwa pamoja, kwa hiyo hakujua alie au acheke, akaenda kukaanga migebuka.

Nimesoma kwamba mimi ni chombo chenye hitilafu ya asilimia nne na nusu. Nimemsomea Oswald. Amesema ni kidogo kuliko alivyodhani. Hospitali nimekwenda. Daktari amenipa mazoezi ya kupandisha vidole ukutani kama mjusi. Nimefika kwenye swichi ya taa. Anasema huenda nikafika juu zaidi, huenda nisifike, na nisitegemee mkono kunyooka wote kama zamani. Alinieleza kwa upole nami nikamwitikia kwa upole, halafu nikatembea kwa miguu kutoka huko Katubuka mpaka nyumbani, sikutaka kupanda kitu.

Boti imeingia majini juzi, mama yako akiwa ndani pamoja na magunia ishirini. Nilisimama ufukweni. Mama Skolastika alifumba jicho moja, akafumba na lingine, akasema macho yake yamepona. Imekaa sawa, Zuleha. Niliweka bakuli la maji juu ya ubao wa katikati na maji hayakwenda kokote. Mama yako aliniuliza kutoka ndani kwa nini ninafuta uso. Nikamwambia jasho.

Kamba yako nimeitundika ukutani karakana. Watu wananiomba niitumie kwa boti ijayo, Oswald anasema ni rahisi, fundo huku na fundo kule. Nimekataa. Kamba ile ni Dadi wa Agosti, na boti haipimwi kwa mtu ambaye hayupo tena.

Babu yako Abdul alipoacha kazi hakusema neno. Asubuhi moja mti wa chini ulikuwa tayari, mbavu zinasubiri, sote tumenyamaza. Akaingia ndani ya boti, akafika katikati, akatoka upande wa pili. Akakaa juu ya gogo. Tukangoja mpaka nikaelewa kwamba ninayengojewa ni mimi.

Kuna ndugu yake Mama Skolastika anataka boti Januari. Mti wa chini tumeshauchonga na tumeuacha bila mbavu mpaka wewe utakapofika. Utavaa viatu vya raba, mti unateleza. Utasimama katikati, utanyoosha mikono yote miwili, na mimi nitakuwa juu ya gogo, nimenyamaza pamoja na wengine. Baada ya hapo unaweza kupima tena kwa futi yako, na siku ya pili tena, nami sitasema neno kuhusu watu wasiojiamini.

Mteja nimeshamwambia kwamba boti hii itakuwa nyembamba kidogo kuliko zangu za zamani. Ameuliza kwa nini. Nimemwambia fundi wake ndivyo alivyo.

Mjomba wako,
Dadi
(kwa mkono wa kushoto, na mikia ya "g" nimeiweka yote)